Shingo Mbili, Mikono Ileile Miwili

Kwenye ua wa fundi mmoja hapa Bagamoyo, hatua chache kutoka soko la samaki, kuna ubao wa mninga uliolazwa juu ya benchi tangu masika yalipokatika. Mpita njia atadhani ni meza ya kahawa inayosubiri miguu. Ukiinama unaona mistari ya penseli: nafasi mbili za kupachika shingo, moja juu na moja chini, na miraba minne ya kuweka pikapu, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi. Mwenye oda ni kijana anayepiga gitaa kwenye bendi ya watu watatu, wale wanaozunguka hoteli za pwani mwisho wa wiki. Anataka gitaa la shingo mbili.

Wenzake wamemcheka. Wanamwambia hizo ni mbwembwe za wanamuziki wa roki wa miaka ya sabini, nywele ndefu na suruali za kubana. Siku tuliyokutana pale kwa fundi alinipa shikamoo yangu, kisha akauliza bila kuzunguka: "Mjomba, wewe umepiga miaka mingi. Hivi hili dude lina kazi, au ni la kupigia picha?" Nilimjibu kwa maneno mawili matatu nikaondoka, na swali lake likanifuata mpaka nyumbani. Lile jibu la mkato halikumtosha yeye wala mimi.

Jibu langu ni kwamba lina kazi. Ni chombo kilichozaliwa na dhiki moja tu: mtu amerekodi wimbo kwa magitaa matatu, halafu anatakiwa aupige mbele ya watu kwa mikono yake miwili, na kati ya gitaa moja na jingine hana nafasi hata ya kuvuta pumzi. Anayelivaa jukwaani anawaambia waliolipa kiingilio kwamba kila atakachowasikilizisha kitatoka vidoleni mwake. Kwa hali ya muziki wa jukwaani hapa kwetu leo, ahadi hiyo ina thamani kuliko wanavyodhani wanaomcheka kijana.

Tuanze na mfano ambao wapenzi wa roki wanaujua kwa moyo. Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, walitoa albamu yao ya nne Novemba 1971, na ndani yake mlikuwa na "Stairway to Heaven". Studioni mpiga gitaa wao, Jimmy Page, aliupanga wimbo ule kwa tabaka. Mwanzo ni gitaa kavu, lile ambalo wazee wetu waliliita galatoni. Mbele yanaingia magitaa ya umeme ya nyuzi 12, na solo ya mwishoni ilipigwa kwa Fender Telecaster. Studioni hakuna shida: unapiga kimoja, unarudisha mkanda, unapiga kingine juu yake. Lakini bendi ilikuwa ya watu wanne na mpiga gitaa alikuwa mmoja. Miezi minane kabla albamu haijaingia madukani, tarehe 5 Machi 1971, walikuwa wameshaupiga wimbo huo mbele ya watu mjini Belfast. Hadhira haikuletewa mkanda wa studio. Ilimkodolea macho Page.

Alilijibu hilo kwa Gibson EDS-1275, gitaa jekundu lenye shingo mbili. Hakulibuni yeye. Kampuni ya Gibson ilikuwa ikitengeneza magitaa ya shingo mbili kwa oda tangu 1958, na hata kabla ya hapo, mwaka 1954, Joe Maphis wa muziki wa kantri Marekani alikuwa ameshatengenezewa la kwake na Semie Moseley, yule aliyeanzisha kampuni ya magitaa ya Mosrite. Page aliligeuza kuwa la lazima. Ukitazama picha za maonyesho ya Madison Square Garden ya Julai 1973 unaona mpango wote: anaanza kwenye shingo ya chini yenye nyuzi 6, wimbo ukifunguka mkono wa kushoto unapanda kwenye nyuzi 12, na inapofika solo anashuka tena. Katikati ya hatua hizo anagusa swichi ya kuchagua shingo. Kitendo hicho hakifiki nusu sekunde, na chombo chote kimejengwa kwa ajili yake.

Kwa nini nyuzi 12 ziwe na uzito kiasi hicho? Kwenye shingo hiyo nyuzi zimekaa jozi sita. Katika jozi nne nene, kila uzi una mwenzake mwembamba uliokazwa oktava moja juu, yaani noti ileile kwa sauti nyembamba zaidi. Jozi mbili nyembamba zinalia noti ileile. Hakuna mkono wala mashine ya kukaza nyuzi mbili zikalingana kabisa, na tofauti ile ndogo ya mtetemo ndiyo inayoleta mng'aro, sawa na waitikiaji wawili wa kibwagizo wanaoimba noti moja: unajua ni wawili bila kuwaona. Sauti hiyo haiigwi kwa nyuzi 6 hata ukicharaza namna gani. Kwa upande mwingine, ukitaka kuvuta uzi wakati wa solo, kuupinda mpaka ulie kama mtu, kwenye nyuzi 12 utaumia bure, maana unavuta mbili kwa mpigo na zinapishana. Ndiyo maana zinatakiwa shingo zote mbili. Kila moja inafanya kile ambacho nyingine haiwezi.

Miaka kadhaa iliyopita mgeni mmoja aliyekuja na lake hapa Bagamoyo aliniruhusu nilivae wakati wa kujaribu vyombo, kwa muda wa nyimbo mbili. Nataka niwaeleze wenye kudhani ni mapambo. Gitaa la kawaida la umeme lina kilo tatu na nusu, labda nne. Lile linakaribia sita, na uzito wake haukai tumboni kwako, unakimbilia kushoto. Vichwa viwili, funguo 18 za kukaza nyuzi, vyote vinainamisha shingo chini, kwa hiyo mkono wa kushoto unaotakiwa kuwa huru unabeba mzigo huku unapiga. Ukiwa kwenye shingo ya chini, mkono wako wa kulia unalala juu ya nyuzi za shingo ya juu. Ukisahau kuizima kwa swichi, kila unapotikisika inakoroma kwenye spika. Ukiwa kwenye shingo ya juu bega linapanda na kiwiko kinaning'inia hewani. Baada ya nyimbo mbili mkanda ulikuwa umeniachia mstari begani. Mtu hajitesi hivyo saa moja na nusu kila usiku kwa ajili ya picha.

Mfano wa pili kwangu una nguvu kuliko wa Page, ingawa hausemwi sana. Ni wa Don Felder, mpiga gitaa wa bendi ya Eagles ya Marekani, na "Hotel California", wimbo uliotoka kwenye albamu ya Desemba 1976. Ule mwanzo unaojulikana dunia nzima, na ambao kila bendi ya hoteli kuanzia Tanga hadi Kilwa imeshaombwa kuupiga, unachezwa kwenye nyuzi 12 huku kapo imebanwa kwenye freti ya 7, freti zikiwa vile vyuma vinavyokatiza shingo. Kapo ni kile kibano kinachopandisha nyuzi zote kwa pamoja. Ukishaibana pale, gitaa lako limekuwa fupi, na sehemu kubwa ya shingo huwezi kuitumia. Lakini mwisho wa wimbo huohuo kuna solo ya kupokezana na mwenzake Joe Walsh, inayotaka shingo nzima. Kuchomoa kapo katikati ya wimbo ni kelele, na nyuzi huwa zimeshahama kidogo. Felder alivaa Gibson nyeupe ya shingo mbili: kapo ikabaki juu usiku kucha, solo ikapigwa chini. Tena aliongeza tundu la pili la waya ili kila shingo iwe na njia yake ya sauti, na mwanzo usikike kivyake na solo kivyake. Huyo ni fundi anayefikiri. Kijana wetu, kama unasoma, mfano wako uwe Felder kabla ya Page.

Kwenye besi, hapo naomba niwe mkali kidogo, kwa sababu hapo ndipo sifa huzidi ukweli. Wapo wanaoona picha ya gitaa na besi kwenye ubao mmoja wakadhani mtu huyo anafanya kazi ya watu wawili. Hafanyi. Shingo mbili hazikupi sauti mbili kwa wakati mmoja. Zinakupa haraka ya kuhama. Na besi ina tabia ya peke yake: gitaa la solo likinyamaza mistari minne, wimbo unapumua, lakini besi ikinyamaza mistari minne, sakafu imeondolewa. Mpiga besi akihamia gitaa, chini panabaki tupu.

Bendi ya Rush ya Kanada walilijua hilo. Walikuwa watatu tu: Geddy Lee, Alex Lifeson na Neil Peart. Kwenye "Xanadu", wimbo wa dakika 11 uliotoka 1977, Lifeson alivaa Gibson ya nyuzi 12 na 6, na Lee, mpiga besi, akavaa Rickenbacker iliyounganisha besi na gitaa. Watu wawili, shingo nne, ndiyo picha iliyobaki kwenye kumbukumbu za mashabiki, na mwaka 2015 kwenye ziara yao kubwa ya mwisho waliyatoa tena magitaa hayo. Sasa acha kuangalia mikono, angalia sakafuni. Miguuni mwa Lee palikuwa na pedali za Moog Taurus, kinanda cha kukanyaga kinachotoa noti nzito za chini. Akiiacha shingo ya besi na kuhamia gitaa, mguu ndio uliokuwa mpiga besi. Bila ule mguu, Rickenbacker ile ingekuwa nusu ya suluhisho.

Mike Rutherford wa Genesis, bendi ya Uingereza, ni mfano mwingine. Bendi yao ilipenda nyimbo ndefu zinazogeuka njiani, na yeye alikuwa mpiga besi na mpiga nyuzi 12 kwa pamoja, mara nyingi ndani ya wimbo mmoja, kwa hiyo shingo mbili kwake zilikuwa kama jembe kwa mkulima. Lakini mpiga gitaa wao Steve Hackett alipoondoka mwaka 1977 na gitaa la solo likakosa mwenyewe, Rutherford hakuongeza shingo ya tatu kwa ajili ya jukwaani. Waliongeza mtu. Kuanzia 1978 Daryl Stuermer alisimama naye, wakawa wanapokezana besi na gitaa kadiri wimbo unavyotaka. Somo hilo nalipenda kuliko picha zote za shingo mbili: lipo shimo ambalo chombo kinaliziba, na lipo shimo linalozibwa na binadamu tu.

Kuhusu gitaa la Hamer la shingo tano la Rick Nielsen wa bendi ya Cheap Trick, hilo ni sanamu linalopigika. Linafurahisha, mwenyewe analipiga vizuri, na watu wanarudi nyumbani na hadithi. Ila lisiletwe kwenye mjadala huu.

Turudi kwetu. Dhiki ile ya Page sisi tuliikuta kitambo, na tuliitatua kwa njia yetu: tuliongeza watu. Muziki wa dansi wa enzi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz pale Tanga haukuwa na sababu ya kumbebesha mtu mmoja shingo mbili. Palikuwa na mpiga solo, palikuwa na mpiga ridhimu, palikuwa na mpiga besi, na bendi ikijaliwa palikuwa na solo ya pili inayojibizana na ya kwanza. Kila mmoja alishika uzi wake na utamu ulikuwa kwenye kupishana kwao. Sikiliza rekodi za wakati ule kwa makini: hakuna gitaa linalosema sentensi nzima. Moja linaanza, jingine linamalizia, la tatu linaweka koma. Hata taarabu ya Tanga, pale Black Star na Lucky Star walipoingiza magitaa ya umeme na besi kwenye udi na akodiani, ilikuwa kazi ya watu wengi kwenye jukwaa moja.

Njia hiyo inahitaji mishahara mingi. Leo hoteli inayotaka muziki Ijumaa jioni inauliza swali moja: mko wangapi? Ukisema tisa, simu inakatwa kwa heshima. Ukisema watatu mnaelewana. Kwa hiyo watatu tunapanda, na sauti za wale sita waliobaki nyumbani zinatoka kwenye flashi. Hiyo ndiyo pleibeki. Hakuna mpiga gitaa wa pwani hii asiyeijua, mimi nikiwemo, na siwalaumu wanaolisha familia kwa njia hiyo. Ila nimeshaona inavyoua.

Usiku mmoja tulikuwa kwenye hoteli ambayo sitaitaja. Mwimbaji, mimi na mpiga kinanda. Besi, ngoma na gitaa la ridhimu vilikuwa kwenye flashi iliyochomekwa kwenye mikisa. Katikati ya ubeti wa tatu umeme ukakatika. Mwimbaji hakunyamaza, Mungu ambariki. Aliendelea kwa sauti yake tupu, watu wakaanza kupiga makofi, mama mmoja wa meza ya mbele akashika mdundo kwa kijiko kwenye glasi, mimi nikapiga gitaa lisilo na amplifaya nikiwa nimesogea karibu nao. Ilikuwa giza na ulikuwa muziki mzuri kuliko wote tuliopiga mwezi ule. Kisha jenereta ikawaka. Flashi, ambayo haijui iko wapi, ikaanza wimbo uleule kutoka mwanzo, juu ya vichwa vyetu, kwa nguvu. Hatukuweza kuufuata wala kuuzima haraka. Makofi yakakatika. Wale watu walikuwa wamebeba wimbo pamoja nasi kwenye giza, na mashine ikawanyang'anya mikononi.

Tangu usiku ule nikisikia mtu anasema shingo mbili ni mbwembwe, namuuliza amepanda jukwaani na nini. Gitaa la kilo sita linamfuata anayelipiga. Mwimbaji akirudia ubeti, linarudia naye. Watu wakitaka solo iongezwe, inaongezwa. Umeme ukikatika linanyamaza pamoja na mwenyewe, na ukirudi linaendelea pale alipo yeye.

Na tusidhani kwamba fikra hii ya kukifanya chombo kimoja kibebe zaidi ni ya ugenini. Hapa Bagamoyo aliishi na kufundisha marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa 1981, ambacho leo ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Alifariki hapahapa Desemba 2003. Wengi wanamkumbuka kwa sauti yake iliyopanda na kushuka kama ya watu wawili, lakini mimi nilikuwa namwangalia vidole. Ilimba, lile sanduku la vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ile kubwa ya Kigogo ina vyuma vingi kuliko vidole gumba vinavyoweza kuvifikia. Baadhi ya vyuma hivyo havipigwi kabisa. Vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe pale jirani yake anapoguswa, viitikie. Chombo kinakuwa na mwimbaji na waitikiaji wake ndani ya sanduku moja la mti.

Sasa rudi kwenye swichi ya EDS-1275. Ina nafasi tatu: shingo ya juu, shingo ya chini, na zote mbili. Ukiziacha zote zikiwa hai na kupiga solo kwenye nyuzi 6, zile 12 za juu zinaanza kutetemeka zenyewe kwa noti zinazofanana, na solo inapata ukungu wa sauti nyuma yake. Mhandisi atakwambia ni mwitiko wa mitetemo. Mgogo alikuwa analijua hilo kwenye ilimba bila umeme. Na njia hizi mbili ziliwahi kukaribiana sana: baadhi ya rekodi za Zawose zilizozunguka dunia zilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, yuleyule ambaye hadi 1975 alikuwa akiimba Genesis huku Rutherford akihama kati ya besi na nyuzi 12 kando yake. Nikiwaza hilo napata furaha ambayo ni vigumu kuieleza.

Basi nilirudi kwa fundi nikiwa na la kusema. Kwanza kuhusu ubao. Mninga ni mti mzuri, unalia vizuri, lakini ubao mzima wa upana ule utamvunja kijana bega. Nilimshauri fundi auchimbe ndani, aache mbavu katikati na kuta pembeni, afunike kwa ubao mwembamba. Fundi alinitazama, akacheka kidogo, akaniambia hilo ameshaanza, akaugeuza ubao nione. Ubao wa vidole ameukata kwenye kipande cha mpingo, mti uleule unaosafirishwa kutoka kusini mwa nchi yetu kwenda kutengenezwa klarineti Ulaya. Hapo hana mpinzani.

Pili kuhusu nyuzi, na hapa tulibishana. Kijana alitaka kama la Page, 12 juu na 6 chini. Nilimwambia ahesabu. Hapa tunakaa na chumvi. Upepo wa bahari unakula nyuzi. Seti ambayo bara ingekaa miezi, huku wiki chache imeshapiga kutu na kupoteza sauti. Nyuzi 18 ni gharama ya kila mara, na seti za 12 usipozipata Kariakoo utazisubiri. Tena ajiulize: kwenye orodha yake ya nyimbo za hotelini, ni ngapi zinazodai nyuzi 12 kweli? Alihesabu kwa vidole, akafika mbili.

Anachopiga usiku kucha ni dansi, rumba na zilipendwa. Na humo kuna dhiki tofauti. Anakosa mtu wa kupiga yale magitaa mawili ya kupishana, hasa lile linalolia juu. Wakongo walipata njia yake zamani: waliutoa waya wa nne wa gitaa, wakaweka mwembamba uliokazwa oktava moja juu, na mtindo huo wakauita mi-kompoze. Waya mmoja tu umebadilishwa, lakini gitaa zima linageuka. Yale mafungu yanayozunguka kati ya ridhimu na solo yanakaa kiganjani, na noti ambazo zingekutaka uruke freti nyingi zinakuja jirani. Ubaya wake ni kwamba gitaa ulilolifunga hivyo haliwezi kupiga ridhimu ya kawaida kwenye wimbo huohuo. Sehemu ya chini imepotea.

Hiyo ndiyo hali ya Felder na kapo yake, kasoro jina la wimbo. Kwa hiyo pendekezo langu lilikuwa shingo mbili za nyuzi sita sita: ya chini ya kawaida kwa ridhimu na solo nzito, ya juu iwe mi-kompoze. Nyuzi 12 kwa jumla badala ya 18, funguo sita zimepungua kichwani, uzito umepungua upande uleule unaoinama. Besi asiiguse, besi atafute mtu. Wakiwa wanne badala ya watatu, wamwambie mwenye hoteli ukweli, kwamba wa nne ndiye anayeziba nafasi ya flashi. Nadhani wapo watakaokubali. Mgeni aliyesafiri mpaka Bagamoyo anajua kutofautisha mtu na mashine, hata kama hajui kulisema.

Kijana hakunijibu siku ile. Alikaa juu ya kigogo akichora upya kwenye karatasi ya saruji. Nilidhani nimemvunja moyo, maana ndoto ya miaka kumi na saba au kumi na minane ina picha yake, na picha ile ilikuwa na nyuzi 18.

Jumatano iliyopita fundi alinipigia simu nifike. Shingo ya juu ilikuwa imeshikizwa kwa muda kwa skrubu mbili, ya chini bado haijakamilika, nafasi yake wazi kama pengo la jino. Nyuzi sita zilikuwa zimefungwa, wa nne ukiwa mwembamba. Pikapu ilikuwa moja, imeunganishwa kwa waya uliopita nje ya ubao na kushikwa kwa gundi ya karatasi, na amplifaya ilikuwa ile ndogo ya fundi ya kujaribia redio. Kijana alijifunga mkanda, akasimama kidogo akipima bega, akahamisha mguu wa kushoto mbele. Akaanza kuzungusha fungu la rumba, taratibu, akikosea na kurudi. Mara ya tatu likakaa. Ule waya wa nne ukawa unalia juu ya mwenzake, mwembamba, safi, na watu wa soko la samaki wakaanza kuchungulia juu ya ukuta. Fundi alikuwa ameshika randa. Akaiweka chini, akasogea karibu na spika, akainamisha kichwa kusikiliza.